Dominika ya Matawi: Ni Nani Aliyewafundisha Watoto Hosana?

Wapendwa wasikilizaji, leo ni Dominika ya Matawi, mlango wa kuingilia Juma Kuu. Katika parokia na vigango vyetu tumebariki matawi, tumeandamana, na kama ilivyo desturi, watoto ndio waliotangulia. Wengine walibeba makuti marefu kuliko wao wenyewe, wakayaburuza mavumbini, wakaimba Hosana kwa nguvu zao zote hadi tukaingia kanisani. Kisha, baada ya furaha ile, tulisimama kimya kwa muda mrefu kusikiliza Mateso ya Bwana wetu kama alivyoyaandika Mwinjili Mathayo. Ndiyo Dominika ya leo: inaanza kwa shangwe na kuishia kaburini.

Mistari michache tu baada ya Injili ya maandamano, katika sura ileile ya 21, Mathayo anasimulia jambo ambalo halisomwi katika Misa ya leo, nalo lastahili kutafakariwa. Yesu amekwisha kuwafukuza wafanyabiashara Hekaluni, amewaponya vipofu na viwete, na watu wazima wa maandamano hatuwasikii tena. Lakini watoto wangali wakipaza sauti mle Hekaluni, wakimshangilia Mwana wa Daudi. Makuhani wakuu na walimu wa Sheria wanakasirika, wanamwuliza Yesu kama hasikii wanayoyasema watoto hao. Yesu anawajibu kwa maneno ya Zaburi ya 8, akiwakumbusha kwamba Mungu huipokea sifa inayotoka vinywani mwa wadogo.

Basi, wapendwa, leo tujiulize swali moja tu. Ni nani aliyewafundisha watoto wale?

Watoto wale hawakutunga wimbo wao. Neno Hosana ni la Kiebrania, na asili yake ni ombi: Utuokoe! Linatoka katika Zaburi ya 118, zaburi ambayo Wayahudi waliiimba katika sikukuu zao kubwa. Hapana shaka watoto waliipokea kwa wakubwa wao, nyumbani, njiani walipokwenda kuhiji Yerusalemu, na katika mikusanyiko ya sala. Ilikuwa imekwisha kukaa vinywani mwao kabla ya siku ile. Bwana alipofika, waliifungua midomo, na wimbo ukawa tayari.

Hivyo ndivyo Mungu alivyotaka tangu kale. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, anapowaagiza Waisraeli juu ya mwanakondoo wa Pasaka, anatazamia kwamba watoto watauliza maana ya ibada ile, naye anawaamuru wazazi wawajibu. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 31, Musa akiwa karibu kufa, Mungu anamwagiza auandike wimbo na kuwafundisha wana wa Israeli, ili uwe shahidi kati yao wala usisahauliwe vinywani mwa uzao wao. Mungu alijua kwamba watu wangeweza kuyasahau maagizo, lakini wimbo ungebaki.

Naye Bwana wetu Yesu Kristo, aliyekubali kuwa mtoto kama watoto wote, alifundishwa pia. Mwinjili Luka anatuambia kwamba wazazi wake walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Bikira Maria na Yosefu mtakatifu walimlea katika sala na zaburi za taifa lake. Sasa tutazame zilimfaa lini. Katika Mateso tuliyoyasikia leo, Mathayo anasema kwamba baada ya karamu, Yesu na mitume waliimba, kisha wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Kwa desturi ya Kiyahudi, zaburi zilizohitimisha karamu ya Pasaka zilimalizikia kwa hiyo Zaburi ya 118, ile ile yenye Hosana. Kwa hiyo, wimbo wa watoto wa Hekaluni ndio wimbo wa Bwana usiku ule aliosalitiwa. Na kesho yake msalabani, alipoachwa na watu, kilio chake kilikuwa mwanzo wa Zaburi ya 22, ambayo leo tumeiimba kama wimbo wa katikati. Luka naye anatuonyesha kwamba pumzi yake ya mwisho ilibeba maneno ya Zaburi ya 31.

Ndugu zangu, hapo ndipo tunapoona uzito wa kazi hii tunayoidhania ndogo. Wimbo tunaomfundisha mtoto leo, chini ya mwembe nyuma ya kanisa, si wa Jumapili hii tu. Tunamwekea akiba kwa ajili ya Ijumaa Kuu yake. Itafika siku ambayo mtoto huyo, akiwa mtu mzima, atakuwa mgonjwa, au mfungwa, au mjane, au peke yake ugenini, na kitabu cha sala hatakuwa nacho. Siku hiyo atasali kwa yale aliyoyashika moyoni. Je, tumemwekea nini?

Kutokana na hayo, tuone mambo matatu.

Jambo la kwanza: tuwafundishe watoto kuimba huku wakielewa. Miaka mingi iliyopita, tukiwa padre kijana katika parokia moja ya mashambani, tuliingia darasa la watoto waliojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Waliimba vizuri sehemu zote za Misa, nasi tukawasifu. Mvulana mmoja akanyosha mkono akasema: “Padre, Mwalimu ametufundisha kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Mbona tukiimba tunamwita mwana wa Kondoo? Huyo Mzee Kondoo ni nani?” Wenzake walicheka, na sisi tulicheka. Lakini usiku ule kicheko kilituisha. Mtoto yule alikuwa ameimba neno hilo kila Dominika kwa miaka, mbele ya Ekaristi Takatifu, akidhani ni jina la mtu, wala hakuna aliyemwambia habari za usiku wa Misri, za damu iliyopakwa milangoni, za Yohane Mbatizaji aliyemwonyesha Yesu kwa kidole. Alikuwa ameuliza swali lilelile ambalo kitabu cha Kutoka kilitazamia mtoto aulize. Ni sisi wakubwa ambao hatukuwa tayari kujibu.

Basi, ninyi makatekista, kabla ya kufundisha sauti, fundisheni maneno. Semeni ubeti polepole, ulizeni watoto wameelewa nini, elezeni neno gumu kwa mfano wa nyumbani. Wimbo usioeleweka ni kama barua isiyofunguliwa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia Takatifu iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, sura ya sita, unaagiza kwamba maneno ya nyimbo takatifu yapatane na mafundisho ya Kanisa Katoliki, na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika liturujia yenyewe. Tusimpe mtoto wimbo kwa sababu tu unachezeka.

Jambo la pili: tuwafundishe watoto kuimba kwa ajili ya sala, si kwa ajili ya maonyesho. Hapa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Katika parokia nyingine tuliyoitumikia, kwaya ya watoto ilijiandaa kwa sikukuu ya msimamizi wa parokia. Walimu na wazazi walipatana watoto washonewe sare. Sisi tuliafiki, tena tulifurahi kwa kuwa wageni walikuwa wengi. Siku ilipofika, watoto wachache hawakuwa na sare, wakaambiwa wasisimame na wenzao. Sisi hatukujua, au tuseme ukweli, hatukuuliza. Wakati wa Misa, kutoka altareni, tuliona dirishani uso wa msichana mdogo aliyesimama nje juani. Alikuwa akiimba kila wimbo, ubeti kwa ubeti, macho yake yakiufuata mkono wa mwalimu aliyekuwa ndani.

Baada ya Misa tulimtafuta, tusimwone. Dominika iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Tulipokwenda nyumbani kwao, bibi yake aliyemlea alitukaribisha kigoda, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Baba Padre, mtoto anasema nyimbo zile ni za wenye sare.”

Wapendwa, neno hilo lilituchoma. Tukakumbuka kwamba pale Hekaluni waliochukizwa na sauti za watoto hawakuwa wapagani. Walikuwa makuhani, watu wa altare kama sisi. Tulimwomba radhi mtoto yule mbele ya bibi yake. Ilichukua miezi kadhaa kabla hajarudi. Tangu hapo, sare zote zikawa mali ya parokia: zinatunzwa kabatini katika sakristia, anavaa kila anayeimba, na baada ya Misa anarudisha. Lakini ile miezi hatuwezi kuirudisha.

Kwa hiyo tuangalie sana. Sare nzuri si dhambi, wala mashindano ya kwaya si dhambi. Bali mtoto asitolewe katika sifa ya Mungu kwa ajili ya kitambaa, au kwa sababu sauti yake haijakaa sawasawa, au kwa sababu ni mlemavu na hachezi kama wenzake. Na makofi tunayowapigia watoto yasiwafanye waamini kwamba wamekuja kutuburudisha sisi.

Jambo la tatu: tuwafundishe watoto kwa utaratibu na kwa upendo. Mwongozo wa Misa pamoja na Watoto, uliotolewa Roma tarehe 1 Novemba 1973, unatukumbusha kwamba kuimba kuna nafasi kubwa katika ibada za watoto. Tuanze basi na yaliyo msingi: Bwana Utuhurumie, Mtakatifu, Mwanakondoo, na viitikio vya zaburi. Mtoto akizijua hizo, popote atakapokwenda Misa itakuwa nyumbani kwake. Tuwafundishe mstari kwa mstari: mwalimu aimbe, watoto waitikie, warudie mpaka wakae nao, ndipo tuendelee. Sauti ya mtoto ni ya juu na ni laini. Mwalimu mwanamume asiwashushe mpaka wakose pumzi, wala asiwaamuru wapige kelele akidhani ndiyo bidii. Wimbo mmoja mfupi ulioshikwa vema kwa mwezi mzima ni bora kuliko nyimbo kumi zilizosahauliwa.

Wala tusione haya kutumia tulivyo navyo. Mtaguso uleule uliagiza muziki wa asili wa mataifa upewe heshima inayoustahili, na mwaka uleule wa 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kigango kisicho na kinanda si maskini wa sifa. Ngoma, kayamba na makofi ya mikono vinatosha, mradi visiyafunike maneno.

Nanyi wazazi, msiwaachie makatekista mzigo huu peke yao. Saa moja ya Jumamosi haitoshi. Mtoto anaporudi nyumbani, mwambieni: “Hebu tuimbie mlichojifunza leo.” Kisha mumwulize maana yake. Akiwaeleza, mtajifunza pia. Asipoweza, mtajua pa kumsaidia. Katika sala za jumuiya ndogo ndogo, mwacheni mtoto aanzishe wimbo, nanyi wakubwa mwitikie. Baba mwenye sauti nzito anayemwitikia mwanawe wa miaka saba anamfundisha imani kuliko hotuba ndefu.

Wapendwa, tumalizie kwa jambo tulilolishuhudia. Tumewahi kumpelekea Komunyo Takatifu bibi mmoja mzee sana, ambaye kwa uzee alikuwa amesahau hata majina ya wanawe. Tulimsalimu, hakujibu. Tulisali, akatutazama tu. Ndipo mjukuu wake aliyekuwa akimlisha alipoanza taratibu wimbo wa Mama Bikira Maria, na midomo ya bibi ikaanza kusogea. Alifika ubeti wa tatu bila kukosea neno. Hatukujua ni katekista gani aliyemfundisha wimbo ule, katika kigango gani, zaidi ya miaka sabini iliyopita. Pengine alirudi nyumbani siku ile amechoka, akidhani watoto hawakushika kitu. Leo yeye ni marehemu, lakini kazi yake ilikuwa ingali hai kitandani pale, ikimpeleka kondoo mmoja kwa Mchungaji wake.

Juma hili, tunapomfuata Bwana kutoka Hosana hadi Msalabani, na kutoka Msalabani hadi Alfajiri ya Pasaka, kila mmoja wetu amkumbuke aliyemfundisha wimbo wake wa kwanza wa kanisa, amwombee. Kisha amtafute mtoto mmoja, amfundishe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyezipokea sauti za watoto Hekaluni wakati wakubwa walipokasirika, utusamehe kila mara tulipowanyamazisha wadogo wako. Uwabariki makatekista na walimu wa kwaya wanaofanya kazi bila ujira. Uziweke sifa zako mioyoni mwa watoto wetu, ili siku ya furaha wakushangilie, siku ya majonzi wakulilie, na saa ya kufa kwao wasikose neno la kukuambia. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!