Meza Mbili Zinazoamua Mji: Dodoma na Upangaji wa Ardhi Yake



Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikawakuta watu 765,179, na manispaa imekwisha kuwa jiji. Tofauti ni watu 354,223 kwa miaka kumi. Ukiigawa kwa siku unapata watu 97 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo: waliozaliwa, waliohamishwa pamoja na ofisi zao, waliofuata biashara, waliokuja kusoma wakabaki. Tukichukulia watu wanne kwa kaya, ni kaya 24 zinazotafuta pa kulala kila jua linapokuchwa. Baraza la Madiwani, kwa kawaida, hukutana mara moja kila robo ya mwaka. Kati ya kikao kimoja na kinachofuata, mji umepata watu zaidi ya 8,700.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu tunapozungumzia mipango miji tumezoea kuanzia upande wa pili, kwenye mpango kabambe: kitabu kinene, ramani za rangi, mgeni rasmi, picha ya pamoja. Sina ugomvi na mpango kabambe. Nimefundisha namna ya kuuandaa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi na nitaendelea kufundisha. Ninalosema jioni hii ni kwamba mji unaokua kwa kasi hii hauamuliwi kwenye kitabu hicho. Unaamuliwa kwenye meza mbili ndogo. Moja ni ile wanapouziana ardhi. Ya pili ni ya kikao kinachobadili matumizi ya kiwanja kimoja kimoja. Katika meza ya kwanza mpango kabambe hautajwi, na katika ya pili hutajwa kwa heshima, kisha ukawekwa pembeni.

Kidogo historia, maana kuna jambo ndani yake. Upangaji wa miji ulitufikia kama chombo cha kutenga watu. Ndiyo maana miji mingi ya bara ina Uzunguni na Uhindini yake, na wenyeji wakawekwa ng'ambo ya reli au ng'ambo ya mto. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956, iliyotungwa na serikali ya kikoloni, tuliendelea kuitumia hadi ilipokuja Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Miaka 51, na zaidi ya 40 kati ya hiyo tukiwa huru. Dodoma yenyewe iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto ikakamilisha mpango kabambe wa kwanza: mji wa majengo mafupi, uliojaa kijani, wa kutembea kwa miguu na kupanda basi, uliofuata umbo la vilima badala ya kuvichonga. Ni kazi nzuri. Wanafunzi wangu huwa wanashangaa jinsi ilivyojali watembea kwa miguu, tena kabla hayajawa mazungumzo ya dunia nzima.

Lakini angalieni ulivyosimamiwa. CDA ilikuwa mpangaji wa mji na ilikuwa pia mshika ardhi. Mwananchi alipata kwake hati ya miaka 33, wakati kwingineko nchini hati ya miaka 99 lilikuwa jambo la kawaida. Pembeni yake ilikuwapo Manispaa yenye madiwani waliochaguliwa, na hao hawakuwa na kauli juu ya ardhi ya kata zao. Aliyechaguliwa hakuwa na ramani, na mwenye ramani hakuchaguliwa na mtu. Mzee akibomolewa nyumba alikwenda kwa diwani, na diwani alichoweza kumpa ni pole. Rais John Magufuli alipoivunja mamlaka hiyo tarehe 15 Mei 2017 na kazi zake zikahamia Manispaa, watu walishangilia, na nadhani walikuwa na sababu. Hata hivyo haki itendeke: waliokuwa wakiibeza CDA wanapita leo katika barabara pana ilizozilinda Area C, Area D na Kisasa. Tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ikawa Jiji, na baadaye likaandaliwa mpango kabambe mpya wa 2019 hadi 2039. Ramani na kura vikawa chini ya paa moja. Tukadhani tatizo limekwisha.

Sasa twende kwenye meza ya kwanza. Iko barazani kwa mwenye shamba, ukingoni mwa mji, tuseme njia ya kutokea Nala, Ntyuka au Nzuguni. Mwenye shamba ana ekari moja aliyoirithi, alikuwa analima mtama na karanga, na sasa mvua hazieleweki huku ada ya shule ikieleweka vizuri sana. Anakuja dalali. Anakuja mnunuzi, pengine mwalimu au mama lishe aliyechoka kupanga, mwenye fedha za kutosha kiwanja cha ishirini kwa ishirini. Wanapima kwa kamba au kwa hatua za miguu. Mkataba unaandikwa kwa mkono, mashahidi wanatia saini, mwenyekiti wa mtaa anagonga mhuri. Ofisi ya ardhi ya Jiji haijui, na hakuna aliyemficha mtu chochote. Mambo yamefanyika mchana kweupe.

Fanyeni hesabu ya ekari hiyo. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini ni mita za mraba 400. Gawanya: viwanja kumi, na zinabaki mita 47 za mraba, ambazo hazitoshi hata kuegesha magari manne. Barabara haimo. Mfereji wa maji ya mvua haumo. Mwenye shamba akiwa mwungwana ataacha kichochoro cha mita tatu, atapoteza kiwanja kimoja, na wanunuzi watamshukuru. Akiacha barabara ya mita kumi katikati anaweza kupoteza hadi viwanja viwili na nusu, yaani robo ya mali yake, kwa ajili ya barabara ambayo jirani yake hakuiacha na kwa hiyo haiendi popote. Mtu mwenye akili timamu atafanyaje? Shule nayo inahitaji ekari kadhaa. Kila mwenye shamba anaamini, na hajakosea kisheria, kwamba itatoka katika shamba la mwingine. Miaka saba baadaye tunafika sisi wataalamu na neno urasimishaji, tunakuta nyumba 600, kichochoro kilichopinda mara nne, gari la kunyonya maji taka limekwama kwenye kona ya pili, na tunaita makazi holela.

Neno hilo huwa linaniudhi kidogo, maana kila aliyeshiriki alikuwa na hesabu iliyonyooka. Kilichokosekana mezani pale ni karatasi moja: mchoro unaoonyesha barabara kuu itapita wapi. Kama mchoro upo, uko kabatini ofisini mjini. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye kwa hakika ndiye afisa mipango miji wa kwanza wa nchi hii, tumemkabidhi mhuri bila ramani. Kisha tunamlaumu.

Meza ya pili iko mjini, katika eneo lililopimwa na kupewa namba. Hapa mchoro upo na umeidhinishwa. Chukueni mfano wa kubuni, ila wengi wenu mtaujua. Katika mtaa wa nyumba za makazi kuna eneo la wazi. Kwenye mchoro limepakwa kijani. Ukilitazama kwa macho si kijani hata kidogo: ni udongo mwekundu, magoli mawili ya miti, mwarobaini mmoja, na Jumamosi linafungwa turubai la harusi au la msiba. Kwa mtu wa mapato, hicho ni kiwanja kinachokaa bure. Anajitokeza mwekezaji wa kituo cha mafuta. Maombi ya kubadili matumizi yanawasilishwa, wataalamu wanatoa ushauri, kamati ya mipango miji na mazingira inakaa, na ombi hilo ni ajenda moja kati ya nyingi. Hoja zinazotolewa zina mantiki: Jiji litapata ushuru, vijana watapata ajira, eneo halitumiki. Linapita.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Tangazo la kusudio la kubadili matumizi ya ardhi lilitoka gazetini, kama utaratibu unavyotaka. Lilisema kiwanja namba fulani, kitalu fulani, na wenye pingamizi wawasiliane na ofisi fulani. Ni nani katika mtaa ule anayejua kwamba uwanja wa mpira una namba na kitalu? Kwao ni kiwanjani, pale nyuma ya msikiti. Watajua siku mabati yatakapozungushwa, na siku hiyo pingamizi limekwisha muda wake. Ndipo mnaposikia wananchi wamefunga barabara, na mkuu wa wilaya anakuja kuwatuliza kwa kipaza sauti.

Ugumu wa meza hii, waheshimiwa madiwani, ni kwamba kila uamuzi ukiutazama peke yake una sababu. Kituo kimoja cha mafuta hakiui mji, wala baa moja katikati ya nyumba za makazi, wala ghorofa moja la maduka lililokula nafasi ya kuegesha magari. Kikao hakipelekewi jumla. Napendekeza kila ombi la kubadili matumizi liambatane na ukurasa mmoja wenye orodha ya mabadiliko yote yaliyokwisha kuidhinishwa katika kata hiyo tangu mpango wa 2019 uanze, na maeneo ya wazi yaliyobaki. Diwani akiona kwamba kata yake ilianza na maeneo tisa na yamebaki mawili, atauliza maswali tofauti. Orodha hiyo mtumishi mmoja anaweza kuiandaa kwa kompyuta aliyo nayo.

Na tangazo liwekwe penyewe, kwenye kiwanja, bango la kusomeka kutoka barabarani, likisema kwa Kiswahili cha kawaida kitakachojengwa ni nini. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 tumebandika namba kwenye nyumba na majina kwenye mitaa. Basi tangazo litaje majina hayo. Tulitumia fedha nyingi kuweka vibao vile. Sijaona hata tangazo moja la mabadiliko ya matumizi linalovitumia.

Nirudi ukingoni mwa mji, maana huko ndiko mambo hayajaharibika bado. Mkuu wa idara ataniambia, na atakuwa amesema kweli, kwamba hana wapima wala bajeti ya kupima mashamba yote kabla hayajauzwa. Sawa. Asiyapime yote. Kuanzia mwaka 2013 miji minne ya Ethiopia, yaani Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle, ilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York kujaribu jambo jepesi zaidi: kuchora barabara kuu tu katika ardhi ambayo mji utaifikia baadaye, kuziwekea alama, na kuzilinda. Kwetu mazingira ni tofauti, kwa kuwa ardhi ya kando ya mji huuzwa na kununuliwa hadharani kila wiki, lakini wazo lenyewe linabebeka. Barabara pana moja kila kilomita, maeneo ya shule, korongo la maji, basi. Yaliyo katikati waachiwe watu wauziane watakavyo. Hata wakijibana kwenye vichochoro, hakuna nyumba itakayokuwa mbali sana na barabara inayopitisha gari la zimamoto. Mchoro huo ni wa karatasi moja. Utundikwe ukutani katika kila ofisi ya mtaa, na mwenyekiti asigonge mhuri kabla mnunuzi na muuzaji hawajasimama mbele ya mchoro huo na kuonyesha shamba lao liko wapi.

Wapo wenzangu katika taaluma wanaoona hili ni kushusha viwango. Wanataka mchoro wa kina, kiwanja kwa kiwanja, kama ulivyokuwa Mradi wa Viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002. Mradi ule ulizalisha viwanja halali kabisa. Lakini kwa Dar es Salaam hivyo ni tone, na vingi vilikaa miaka na miaka bila nyumba huku watu wa kipato cha chini wakiendelea kununua kwa kamba maeneo ya jirani. Kiwango kinachowafikia wachache na kuwaacha wengi barazani kwa dalali sioni kinajivunia nini.

Limebaki suala la fidia, na hapa sina jibu jepesi. Mwenye ekari tano ambaye barabara inamchukulia nusu ekari anaweza kukubali bila fedha mkononi, kwa sababu zilizobaki zitapanda bei. Apewe hati yake haraka na atakuwa ameridhika. Lakini yuko yule mwenye ekari moja, na barabara yote inapita juu ya hiyo moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na kanuni za 2001 zinaongeza riba malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita. Kila mmoja wetu humu anamjua mtu aliyethaminiwa, akakatazwa kulima wala kuendeleza, akasubiri hadi akachoka kuuliza. Huyo hawezi kulipwa kwa maneno kwamba mji utanufaika, kwa sababu hatakuwa na kipande chochote katika mji huo. Idadi yao haitakuwa kubwa, kwa kuwa barabara chache hugusa mashamba machache, na Jiji linaweza kuwatengea fungu katika bajeti ya mwaka kabla mpima hajaenda kuweka alama yoyote shambani kwao.