Nani Anayestahili Kutibiwa?

Maneno waliyoambiwa Wakristo na walimu katika Yubilei ya Jimbo la Kigoma



Katika Yubilei ya watu wa Agano la Kale watumwa walirudishiwa uhuru wao. Neno hili latupasa sisi hasa, kwa maana Mapadre Weupe walipofika Ujiji mwezi wa Januari 1879, biashara ya watumwa ilikuwapo. Na mmoja wa watumwa waliokombolewa, Adrien Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto katika nchi za Timbuktu, alisomeshwa uganga huko Malta, akaja Karema, upande wa kusini wa pwani ya ziwa hili, akatibu watu tangu 1889 hata alipofariki 1956. Mgeni huyo alikuwa mganga wa wenyeji. Basi sisi watu wa ziwa hili, tulioponywa na mgeni, twawezaje kumwuliza mgonjwa kwanza ametoka wapi?

Nataka kusema nanyi jambo moja tu: ni nani anayestahili kusaidiwa katika ugonjwa wake, na haki hiyo yamfikiaje.

Nianze na wakimbizi. Warundi walikuja kwetu 1972, tena 1993. Na 1996 walikuja watu wa Kongo, ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa huko Kasulu. Mwezi wa Mei 2015 Warundi makumi ya maelfu walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawachukua hata Kigoma, wakapumzishwa katika uwanja wa mpira, kisha wakapelekwa Nyarugusu. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wengi walikuwa wakimbizi, lakini wenyeji nao walikuwamo. Ugonjwa haukumwuliza mtu cheti.

Lakini msaada huuliza cheti. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi hana budi kujieleza kwa serikali na kukaa mahali alipopangiwa. Aliyeandikwa alitibiwa kambini pasipo malipo, na ugonjwa ukizidi, mganga alimwandikia barua apelekwe hospitali kubwa, kama Kabanga ya jimbo letu, au Maweni hapa mjini. Tena wenyeji wa vijiji jirani nao walitibiwa katika hospitali ya Nyarugusu.

Sasa maskini wa nchi. Tangu 1993 watu walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Lakini misamaha iliwekwa: kwa wenye mimba, watoto wasiotimiza miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma. Hata maskini asiye katika hao aweza kusamehewa, akishuhudiwa na wakuu wa kijiji au mtaa wake. Kadhalika, katika mpango wa kunusuru kaya maskini, ulioanzishwa na TASAF 2012, majina yalitajwa katika mkutano wa kijiji. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka mfuko kwa ajili ya wasio na uwezo. Nao pia sharti watambuliwe kwanza.

Je, mwaona? Milango ni mingi, lakini komeo ni moja: kutambuliwa. Na ni nani amjuaye maskini? Si karani aliye mbali. Ni jirani yake.

Yuko mjane mzee asiyejua kwamba umri wake wampa haki. Aona haya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Auza wavu alioachiwa na marehemu mumewe, anunue dawa. Akifa, twasema ni mapenzi ya Mungu. La, ndugu zangu! Tulinyamaza.

Tena liko kosa la pili, nalo ni ushuhuda wa uongo. Mtu amwandikisha shemeji yake mwenye mtumbwi na duka, na jina la mjane likakosa nafasi. Huyo hakuiibia serikali tu; amemwibia mjane.

Najua wako wanaosema, "Wakimbizi wapewa, nasi twaachwa." Uchungu huo una sababu, kwa maana ni vigumu kulipia dawa huku ukimwona mwenzako apewa bure. Lakini kumfukuza mgeni hakumwongezei mjane wetu kidonge hata kimoja. Dawa ya uchungu huo ni kumshuhudia maskini wetu pia.

Kwa hiyo, walimu, ninyi mwamjua mtoto akosaye shule kwa sababu mama yake yu kitandani. Ulizeni, kisha mpelekeeni mwenyekiti habari. Nanyi wa jumuiya ndogo, baada ya sala ulizaneni: nani mgonjwa hapa asiyekwenda zahanati, na amezuiwa na nini? Someni misamaha hiyo mbele ya watu, kwa Kiswahili na kwa Kiha, hata asiyejua kusoma aisikie. Na mgonjwa akiogopa, mtu mmoja afuatane naye.

Yule Msamaria hakumwonea majeruhi huruma tu. Alimfikisha penye nyumba, akasema na mwenye nyumba kwa ajili yake. Fedha zake labda hatuna. Lakini kumfikisha mtu mlangoni na kumsemea twaweza sote.

Mungu awabariki.