Usivuke Mpaka na Unabii Peke Yake
Neno kwa ndugu wanaohamia mji mpya kutafuta kazi ya taaluma yao

Wengine mmepita Namanga, wengine Sirari, wengine Mutukula, wengine Rusumo, na Bwana amewafikisha salama. Utukufu una yeye.

Mimi ni mwinjilisti, na najua mlitegemea nihubiri habari za uamsho. Lakini leo naomba niseme habari za kazi. Kwa nini? Kwa sababu kila kongamano, tukisema watu walete mahitaji yao, vikaratasi vingi vinakuja na neno lilelile: mniombee, nimehamia mji huu, sijapata kazi. Na wanaoandika si watu ambao hawakusoma. Ni muuguzi, ni mhasibu, ni mwalimu wa fizikia, ni mhandisi. Vyeti wanavyo, vimelala kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro la mwenyeji wao.

Namfahamu dada mmoja, muuguzi mwenye stashahada na miaka sita ya kazi wodini. Alivuka mpaka na begi moja na neno alilopewa kwenye mkesha, kwamba mlango mkubwa unafunguka mbele yake. Miaka miwili baadaye alikuwa anaosha vyombo mgahawani. Je, mji ule haukuhitaji wauguzi? Uliwahitaji sana. Shida ni kwamba leseni ya kwao haikumruhusu kushika sindano upande wa pili, na yeye hakuwahi kwenda kuuliza kwenye baraza la wauguzi la nchi ile. Alipokwenda, akaambiwa alete uthibitisho kutoka baraza la kwao. Karatasi ile angeifuatilia kwa nauli ya daladala kabla hajaondoka! Leo amesajiliwa, anafanya kazi yake. Lakini miaka miwili ilikwenda.

Mpendwa, sipingi unabii. Sisi ni Wapentekoste, tunaamini Mungu anasema. Ninachosema ni hiki: Mungu akikuambia mlango unafunguka, amekuambia pia utembee hadi mlangoni.

Hebu tumwangalie Paulo. Matendo sura ya 18. Ametoka Athene, anaingia Korintho, mji mkubwa, mji wa bandari na biashara, hana mtu anayemjua. Anafanya nini? Anampata Akila na mkewe Prisila, ambao nao ni wahamiaji. Walikuwa wametoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi waondoke Rumi. Paulo anakaa kwao, na Biblia inatoa sababu: ufundi wao ulikuwa mmoja, kushona mahema. Siku za kazi anafanya kazi, sabato anahubiri sinagogi. Baadaye Sila na Timotheo wakaja kutoka Makedonia, akapata nafasi ya kulishughulikia Neno zaidi. Akakaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na kanisa likasimama.

Umeona mpangilio? Alifika na ujuzi mkononi. Akatafuta watu wa ufundi wake. Akala jasho lake. Mimi nachukua hapo mambo matano ya kukupa wewe unayefikiria kuhama.

La kwanza, shughulikia karatasi kabla ya tiketi ya basi. Vyeti vya shule na vya chuo, orodha ya alama zako zote, cheti cha kuzaliwa, leseni ya taaluma, barua ya utumishi kutoka kwa mwajiri wa mwisho, na pasipoti. Kama cheti kiko kwa Kifaransa na unakwenda Kampala au Nairobi, kitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Kisha ujue kila nchi ina ofisi inayopima elimu ya nje. Ukija Tanzania na shahada ya nje, ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Cheti cha sekondari ni Baraza la Mitihani, NECTA. Ukienda Kenya kufundisha, lazima usajiliwe na tume ya walimu, TSC, hata kama shule ni ya binafsi. Mhandisi anayekuja Tanzania ataonana na bodi ya wahandisi, ERB. Mhasibu na NBAA. Kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo, yako makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kutambuliana. Lakini usidanganyike: kutambuliana hakufuti kusajiliwa. Makubaliano yanakufupishia njia, kutembea utatembea mwenyewe.

La pili, kibali. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo ushuhuda wetu unapochafuka. Watu wanasema, "Si tuko Jumuiya moja?" Ndiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake kuna uhuru wa wafanyakazi kutembea. Lakini kila nchi iliorodhesha aina za wafanyakazi inazozifungulia mlango, na kazi za utumishi wa umma hazimo, isipokuwa sheria ya nchi yenyewe iruhusu. Kwa hiyo kugongewa muhuri wa kuingia mpakani hakukupi ruhusa ya kuajiriwa. Tanzania, kwa mfano, mwajiri ndiye anayekuombea kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, halafu kuna kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Ni viwili, si kimoja. Kwa hiyo ukiwa kwenye usaili, uliza mapema bila aibu: je, kampuni iko tayari kuniombea kibali? Akisema "anza tu, mambo ya kibali baadaye," ogopa. Siku ya msako yeye atabaki ofisini, wewe utapanda gari la Uhamiaji. Na mtu asiye na kibali hulipwa mshahara wa huruma, akidai haki anatishiwa kuripotiwa. Huo si mlango wa Bwana, jamani.

La tatu, hesabu gharama. Bwana mwenyewe alifundisha habari ya mtu anayejenga mnara, kwamba kwanza aketi chini apige hesabu. Dar es Salaam, wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Nairobi utalipa kwa mwezi, lakini utaanza na mwezi wa kwanza pamoja na amana. Kuna nauli za kwenda ofisini, ada za bodi, kopi na mihuri ya wakili. Ukipata kazi leo, mshahara hauji kesho, unakuja mwisho wa mwezi. Mimi huwashauri vijana wawe na chakula na malazi ya miezi mitatu kwa uchache, na nauli ya kurudi isiyoguswa. Mwenye familia atangulie yeye kwanza, mke na watoto wafuate pakishakuwa na paa.

La nne, jifunze mji. Danieli na wenzake walipofika Babeli walisomeshwa lugha ya nchi ile miaka mitatu kabla ya kusimama mbele ya mfalme. Imani hawakubadilisha, lakini lugha walijifunza. Wewe unayetoka Nairobi kuja Dodoma au Dar, usiingie ofisini na shida yako mdomoni. Salimia kwanza, mpe mkubwa shikamoo yake, kisha useme. Kiswahili kitakusaidia kuliko Kiingereza kizuri. Wewe unayetoka Tanzania kwenda Nairobi, huko usaili wanauita mahojiano, na mara nyingi ni Kiingereza mwanzo mwisho, watataka ujieleze bila kuzungukazunguka. Usiseme "nitajitahidi" tu, eleza ulichokifanya, wapi na kwa miaka mingapi. Kampala, anza kujifunza Kiganda. Kigali, Kinyarwanda. Bujumbura, Kirundi, na Kifaransa usikiache.

La tano, watafute akina Akila. Wengi wetu tukifika mji mpya tunatafuta kanisa, na ni vizuri. Lakini wewe mhasibu, watafute pia wahasibu. Nenda kwenye semina za bodi yako, uliza nani anaajiri, ujue mishahara ya mji ule ili usijiuze kwa bei ya mchicha. Kazi nyingi husikika kwanza kwa watu wa fani kabla hazijafika gazetini. Na beba barua. Fibi alipokwenda Rumi, Paulo alimwandikia. Apolo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso walimwandikia. Barua ya mchungaji wako inasema wewe ni mwaminifu. Ya bosi wako wa zamani inasema unajua kazi. Zote mbili zina nafasi yake, ila ya kwanza haiwezi kusimama mahali pa ya pili.

Na tahadhari na vishoka! Mtu anayekudai pesa ili akupe kazi, anayetaka kushika pasipoti yako, anayekupa barua ya kazi bila hata kukuona, huyo ni tapeli, hata akisalimia "Bwana asifiwe." Tena hasa akisalimia hivyo, maana amejua pa kutupiga.

Sasa niseme na wenyeji. Wachungaji wangu, niwie radhi, nasema kwa heshima. Ndugu mgeni akifika na shahada yake, tusimfanye mfagiaji na mlinzi wa kanisa miaka mitatu halafu tukaita huko ni kulelewa. Kutumika ni vizuri, lakini mwacheni Jumatatu hadi Ijumaa atafute kazi. Kufunga na kuomba kusiangukie siku yake ya usaili kiasi kwamba anakwenda pale anatetemeka kwa njaa. Na msimfiche asiye na kibali kwa jina la upendo. Mpelekeni ofisi inayohusika, mkae naye foleni. Huo ndio upendo.

Na wewe ambaye umefanya yote haya na bado hujapata, sikiliza. Kazi ya muda isiyo ya fani yako si laana, mradi sheria inakuruhusu. Paulo alikuwa msomi aliyefundishwa na Gamalieli, na bado alishona mahema. Ila jiwekee muda. Kila wiki tenga siku ya barua zako, leseni yako isiishe muda wake. Na ikibidi kurudi nyumbani, rudi, nauli si unayo? Kurudi si kuanguka. Kuna watu wamepotea mjini kwa sababu tu waliogopa kanisa la nyumbani litasemaje. Sisi wa nyumbani tukimpokea mtu kwa vicheko, damu yake tutaulizwa.

Wapendwa, namaliza na ombi moja. Kabla hatujatawanyika, kila tawi, kila upande wa mpaka, liteue mtu mmoja wa kupokea wanaohama. Asiwe wa kutoa pesa, awe wa kutoa maelezo: ofisi ziko wapi, kodi ya nyumba ikoje, nani ni tapeli. Majina yao na namba zao yaandikwe, yakabidhiwe kwa makatibu kabla ya ibada ya kufunga. Kijana akiwa anaondoka, mchungaji wake apige simu kule anakokwenda, aseme: mtoto wetu anakuja, ni fundi wa jambo fulani, mpokeeni.

Ee Bwana, wabariki wanaosafiri kutafuta riziki. Wape akina Akila katika kila mji, na kazi ya mikono yao uithibitishe. Kwa jina la Yesu.

Semeni Amina!