Ofisi Kusogea Si Madaraka Kusogea



Mgawanyo wa madaraka kati ya Serikali Kuu na serikali za mitaa si suala la wanasheria peke yao. Unamhusu kila mwananchi anayehitaji kisima, zahanati au darasa, na unamhusu pia mtumishi aliyetumwa kumhudumia.

Historia ya Tanzania imetoa fundisho. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Nia ilikuwa njema: kuwatoa wataalamu Dar es Salaam na kuwaweka karibu na wakulima. Lakini wataalamu hao waliwajibika kwa wakubwa wao Serikalini, wala si kwa madiwani waliochaguliwa. Ofisi ilimkaribia mwananchi, uamuzi ukabaki mbali naye. Huduma za miji nazo zilizorota, hata mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Sheria za mwaka 1982 zilifuata, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi upya. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa.

Leo Ibara ya 146 ya Katiba inatamka kuwa shabaha ya serikali za mitaa ni kuwapelekea wananchi madaraka. Hata hivyo, mwaka 2017 barabara za wilaya zilikabidhiwa kwa wakala wa Serikali Kuu, TARURA. Na mwaka 2019 maji ya vijijini yakakabidhiwa kwa RUWASA. Zipo sababu za kitaalamu, kwani wahandisi ni wachache na halmashauri nyingi hazina mapato ya kutosha. Lakini pampu ya kijiji inapoharibika, wananchi humwendea diwani wao, naye hana mamlaka juu ya mhandisi wala fungu la fedha.

Wakala unaweza kuchimba kisima kizuri. Hata hivyo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo ni wajibu wa kila mtaalamu, awe ameajiriwa na nani, kufika mbele ya baraza la madiwani na mkutano mkuu wa kijiji, kueleza mipango na matumizi, na kujibu maswali. Mtumishi anayekwepa mikutano hiyo anarudisha kosa la mwaka 1972 kwa mlango wa nyuma.