Si Kila Damu Chooni Ni Amiba

Wasikilizaji wa Kibondo na Kasulu, kuhara damu si jambo geni kwetu. Tunakujua vijijini, tunakujua kambini, Nyarugusu na Nduta, na kila mtu ana jibu mdomoni: amiba. Duka la dawa, vidonge, basi. Leo nawasemea wale wasiopona.

Wapo. Kijana anamaliza dozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usiku anaamka tena na tena kukimbilia chooni. Kinachotoka ni kamasi na damu, kijiko kimoja au viwili, na tumbo bado linamsokota. Suruali inampwaya. Majirani wanasema karogwa.

Huenda si uchawi wala amiba; tuutazame utumbo mpana. Una urefu wa kama mita moja na nusu. Huanzia chini kulia, penye kidoletumbo, hupanda hadi chini ya ini, hukatisha tumbo, kisha hushuka kushoto hadi njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kunyonya maji na chumvi. Kuna maradhi ambayo kinga ya mwili huugeukia utumbo huo na kuutia vidonda, vikianzia chini kabisa na kupanda bila kuruka mahali. Nduguye, ugonjwa wa Crohn, hurukaruka na huweza kushika popote kuanzia mdomoni.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini mwanakijiji wa Afrika hapatwi na haya. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, aliona kinga yetu imo kwenye vyakula vyenye makapi. Maharage yetu nayaheshimu. Lakini ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na kamera ya kuutafutia, inayopitishwa njia ya haja kubwa, kwa wengi wetu maana yake ni safari ya hospitali ya rufaa, kama Bugando, Mwanza.

Damu chooni ni ya kuwahi zahanati siku ileile, hasa kwa mtoto. Ikipita wiki mbili, nenda hospitali ya Kabanga au ya wilaya wakupime choo, kichocho na kifua kikuu cha tumbo. Usiruke hatua hiyo: dawa za kushusha kinga zinazomwokoa mwenye vidonda hivi zinaweza kumuua mwenye amiba au kifua kikuu. Nawe daktari, vipimo vikirudi safi na damu bado inatoka, usimwandikie tena dawa ya amiba. Mwandikie rufaa.