Dozi ya Mama Aliipima Nani?

Ndugu msikilizaji, leo nakuomba unifuate hadi nyumbani kwa binti wa dada yangu, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, mwaka 2015, wakati wa mvua za masika. Malaria iliingia humo ndani ikawalaza mume na mke katika juma moja. Walikwenda kupimwa zahanati ileile, wakakaa benchi lilelile. Mume alipewa dawa mseto: vidonge 4 asubuhi, 4 jioni, siku 3, basi. Siku ya nne alikuwa kazini. Mke alikuwa na mimba changa, ya miezi miwili. Yeye alipewa kwinini, ameze kila baada ya saa 8 kwa siku 7. Ukipiga hesabu, mume alimeza dawa mara 6, mke mara 21.

Wazee wenzangu mnaijua kwinini. Uchungu wake haufichiki hata kwa ndizi, masikio yanavuma kana kwamba umelala ndani ya mashine ya kusaga, na chakula hakikai tumboni. Sasa mpe mtu ambaye kwa sababu ya ujauzito tayari anatapika kila asubuhi! Siku ya tatu nilikwenda kumjulia hali. Akaniamkia, kisha akasema, "Mjomba, vidonge hivi vimenishinda. Heri homa yenyewe." Tulimbembeleza hadi akamaliza. Wangapi hawana wa kuwabembeleza, wakavitupa chooni na kubaki na malaria yao, hilo sisemi.

Nilipata nafasi ya kumwuliza mganga aliyemtibu kwa nini na yeye asipewe mseto. Akanijibu kwa upole kwamba usalama wa dawa hiyo kwa mimba changa ulikuwa bado haujajulikana. Nikashukuru, nikaaga. Nilipokuwa ndani ya daladala ndipo liliponijia swali ambalo ningepaswa kuuliza palepale: haujajulikana kwa sababu nani amejaribu kuujua akashindwa? Dawa mseto ilikuwa imefanywa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwetu mwaka 2006. Miaka 9 ilikuwa imepita. Katika nchi hii, miaka 9 ni mimba changa ngapi?

Mganga yule simlaumu hata kidogo. Alifuata mwongozo uliokuwapo, na mwongozo ulitokana na majaribio ya maabara, ambako dawa za jamii hiyo zilidhuru vijusi vya panya. Tahadhari ilikuwa na msingi wake. Ninacholalamikia ni kwamba neno "haijulikani" liligeuzwa kuwa jibu, nalo likakaa kitini miaka na miaka.

Kisa chenyewe kina mizizi mirefu, wala hakikuanzia kwetu. Kuanzia mwaka 1957 iliuzwa huko Ujerumani Magharibi, na baadaye katika nchi nyingi, dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, ambayo wajawazito waliitumia pia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni, kuanzia mwishoni mwa 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa bila mikono au miguu iliyokamilika. Dunia ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Lakini tazama funzo lililochukuliwa. Dawa ile ilidhuru kwa sababu iliuzwa kwa wajawazito bila kupimwa ipasavyo. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba asiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Hata aliye kwenye uzazi wa mpango, hata asiye na mume. Kwa mwongozo huo hata mtawa angerudishwa mlangoni!

Basi dawa zikawa zinapimwa kwa wanaume, kisha zinauzwa kwa wote. Mwongozo ule ulibadilishwa mwaka 1993, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria huko Marekani kwamba utafiti wa tiba unaolipiwa na serikali uhusishe wanawake. Ila dawa zilizokwisha kupita zilikuwa zimepita.

Nitakupa mfano mmoja, mfano wa kidonge cha usingizi kiitwacho zolpidemu, kilichoruhusiwa huko Marekani mwishoni mwa 1992. Dozi ilikuwa miligramu 10, kwa baba na kwa mama. Mwaka 2013, yaani baada ya miaka 20, mamlaka ileile ikatangaza kwamba dozi ya mwanamke ianzie miligramu 5. Nusu! Ilionekana kwamba dawa hiyo hukawia kutoka katika mwili wa mwanamke, hivyo mama aliyeimeza usiku aliweza kushika usukani asubuhi dawa ikiwa bado imejaa katika damu. Kwa miaka 20 akina mama walikuwa wakimeza dozi iliyowazidi, na wakilalamika uchovu bila shaka waliambiwa wapunguze mawazo.

Aspirini nayo ina lake. Utafiti mashuhuri ambao ripoti yake ya mwisho ilichapishwa mwaka 1989, uliotia nguvu desturi ya watu wenye afya kumeza aspirini ili kukinga shambulio la moyo, ulifanywa kwa madaktari 22,071. Wote wanaume. Ilibidi kusubiri hadi 2005 ndipo yakatoka matokeo ya utafiti kama huo uliohusisha wanawake karibu 40,000, nayo hayakufanana na yale ya kwanza. Kwa wanawake aspirini ilipunguza kiharusi. Shambulio la kwanza la moyo haikulipunguza kwa kiasi cha kuonekana. Dawa ni ileile, moyo tunasema ni uleule, na jibu likawa jingine.

Turudi kwetu, kwenye dawa za virusi vya UKIMWI. Ilikuja dawa mpya na nzuri, dolutegraviri, inayopunguza virusi haraka na isiyo na usumbufu wa ile ya zamani. Mwezi Mei 2018 ikatoka habari ya kutisha kutoka Botswana: kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa wanaitumia, watoto 4 walizaliwa na kasoro za aina ya mgongo wazi. Kwa kawaida kasoro hizo ni kama mtoto 1 katika 1,000. Kutoa onyo ilikuwa sahihi. Kilichofuata ndicho kibaya. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwazuilia dawa hiyo wanawake wote wa umri wa kuzaa, pamoja na wale ambao hawakuwa na nia ya kuzaa tena.

Mwezi Julai mwaka huo wanawake 39 kutoka nchi 18 za Afrika, wote wakiishi na virusi, walikutana Kigali, Rwanda. Wakasema tupeni habari zote, faida na hatari zake, kisha mtuachie tuchague wenyewe. Hamwezi kutuzuilia dawa bora kwa kudhani kila mmoja wetu ni mjamzito mtarajiwa. Mwaka uliofuata hesabu ya Botswana ilikuwa imefikia mimba 1,683, na watoto wenye kasoro 5 tu. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wake kwa waume. Na kufikia 2022, hesabu ilipozidi kukua, tofauti ikawa imetoweka kabisa.

Hesabu ile ilitoka wapi? Ilitoka katika vyumba vya kujifungulia vya hospitali za serikali za Botswana, ambako tangu 2014 wakunga walikuwa wakimkagua kila mtoto anayezaliwa na kuandika walichokiona. Kalamu na daftari la mkunga. Natamani wanaogawa fedha za utafiti wangelifikiria daftari hilo kabla ya kununua gari jingine la mradi.

Na dawa mseto? Mwezi Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo kwamba mseto wa artemetha na lumefantrini utumike hata kwa mimba changa. Ushahidi ulitoka kwa wanawake wenyewe, waliomeza mseto kabla hawajajua kwamba wana mimba, kisha watafiti wakawafuatilia hadi walipojifungua. Yaani jaribio lilikuwa likiendelea siku zote, katika zahanati na maduka ya dawa, bila akina mama kuulizwa wala kuelezwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika.

Binti wa dada yangu alijifungua salama, mtoto sasa anakwenda shule. Nilipomweleza habari hii ya mseto alinyamaza kidogo, akakuna kichwa, akaniuliza: "Sawa mjomba. Na ile kwinini niliyopewa mimi, waliipima lini kwa wajawazito?"

Nikamwambia swali hilo nitalipeleka redioni.