Tuuze kwa Serikali kwa Mkataba, Si kwa Bahati

Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi



Shule, hospitali na magereza hununua maharage, mchele na unga mwaka mzima. Bidhaa hizo zimo maghalani mwetu. Hata hivyo, mara nyingi anayeziuza huko ni mfanyabiashara aliyezinunua kwetu wakati wa mavuno kwa bei ya chini. Yafaa tujiulize sababu.

Sababu moja ni kwamba yeye anao mkataba. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, ulioanzishwa mwaka 2007, hutangaza zabuni za vitu vinavyohitajiwa na ofisi nyingi. Wanaoshinda huafikiana juu ya bei na masharti kwa muda maalumu. Baada ya hapo, ofisi yenye haja hutoa oda kwa walio katika orodha, bila kuanza zabuni upya. Asiyejiandikisha katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uliopo tangu mwaka 2023, huachwa nje ya mlango.

Faida kwa chama ni dhahiri. Kazi ya kuandaa zabuni hufanywa mara moja badala ya kila mara. Bei hujulikana mapema. Na wanachama huweza kulima wakijua soko lao.

Lakini, ndugu zangu, tusidanganyane. Mkataba huo si ahadi ya kununua. Ofisi zaweza kuagiza kidogo, au zisiagize kabisa. Kwa hiyo chama kisikope fedha wala kujaza ghala kwa kutegemea mkataba mtupu, kingoje oda.

Jambo la pili ni bei. Tuchukue mfano. Chama kimekubali kuuza maharage kwa shilingi 2,500 kwa kilo. Kinamlipa mkulima 2,000, usafiri 150, magunia na upakiaji 100. Kinabakiwa na 250. Bei ya shambani ikipanda hadi 2,300, kila kilo italeta hasara ya shilingi 50; na kwa tani 10, hasara ni shilingi 500,000. Fedha hizo ni za wanachama. Basi, kabla ya kutia sahihi, Kamati isome kwa makini kifungu cha mabadiliko ya bei, na kile cha muda wa malipo, kwani mkulima hawezi kungoja miezi mitatu.

Chama kidogo kisichoweza kutimiza oda peke yake kishauriane na Chama Kikuu, ili mizigo ikusanywe na ubora uwe mmoja. Gunia moja lenye mchanga laweza kuwavunjia heshima wote.

Nawaomba kila Kamati irudi na kufanya mambo matatu: kukagua hesabu na leseni, kukijiandikisha chama, na kupiga hesabu ya bei mbele ya wanachama. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe sharti kiwe chetu.